Ukipinga mstari wa CRB, skoo haikungoji

Shangazi yangu auza leso. Hana duka, yeye ni wa kuzungusha, achukua korja mbili tatu, yaani mafurushi ya leso ishirini ishirini, pale Biashara Street hapa Mombasa, atia kwa mkoba, apita nyumba kwa nyumba Majengo, Kibokoni mpaka Kisauni huko, na wateja wake humlipa kidogokidogo mpaka deni liishe. Mwezi wa Shaabani akaamua mwaka huu ajikaze, akope laki moja na nusu benki, achukue mzigo wa Idd mapema, manake yuajua likifika kumi la mwisho la Ramadhani bei ya korja haishikiki. Akaniambia nimsindikize kwa vile kwenye ukoo mimi ndo wa kujaza fomu.

Kijana wa mikopo alikuwa na adabu zake, akamuamkia shikamoo, akampa kiti, akachukua kitambulisho akaingiza namba kwa kompyuta. Halafu akanyamaza, akageuza skrini kidogo kama mtu ataka kuficha kitu. "Mama, wewe uko CRB."

Shangazi akamtazama. "Mwanangu, mimi niko hapa mbele yako."

Tulicheka sote watatu, lakini CRB ni zile kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu na jinsi wanavyolipa, na mstari wa deni ulikuwa pale pale kwenye ripoti yake. Mkopo wa simu wa 2023, shilingi 2,500, uliobaki 1,340, siku za kuchelewa zimepita 90 kitambo, na siku 90 ndo mpaka wenyewe, ukizivuka deni lako lahesabiwa ni deni lililokwama. Shangazi asema alilipa yote mara mbili, nusu na nusu, na mimi namwamini, kwa sababu huyu ni mtu ambaye akikopa pilipili manga kwa jirani hulala nalo rohoni.

Alichokosea nilikijua baadaye. Ile mara ya pili aliandika namba ya akaunti akaruka tarakimu moja, pesa zikatoka kwake, zikaingia paybill ya wenyewe, zikafika kwenye kile chungu wanachotia pesa zisizojulikana za nani, zikakaa humo zaidi ya mwaka mzima. Kwa hivo kosa la kwanza ni lake, sikatai. Lakini pesa walikuwa nazo wao. Na ilani, manake sheria yataka mkopeshaji akupe ilani ya siku 30 kabla hajakupeleka CRB, ilani ilitumwa, sawa, ila ilienda kwa laini ambayo ilianguka baharini pamoja na simu yenyewe siku moja anavuka feri Likoni akijaribu kumpigia mwanawe. Huko chini samaki ndo walioarifiwa.

Sasa hapa ndo nataka nikae kidogo, manake watu wengi wadhani ukishalalamika basi mambo yasimama mpaka ukweli ujulikane. Kama kortini, kesi ikiwa yaendelea mtu haitwi mwizi. CRB sivyo.

Kanuni za CRB za hapa Kenya za 2020, na zile za 2013 kabla yake, zakupa haki ya kupinga. Waandika barua kwa kampuni ya CRB kwamba mstari fulani si kweli, na wao ndani ya siku tano za kazi watakiwa kufanya mambo mawili, wakuwekee tanbihi kwenye ripoti kwamba habari hii inachunguzwa, na wampelekee aliyeleta habari lile lalamiko lako ajibu. Tanbihi yakaa mpaka jambo liishe. Haki nzuri kabisa kwa karatasi. Lakini itazame hiyo haki vizuri, yazungumzia ripoti. Skoo, ile namba ya kukupima kama wakopesheka, haikutajwa, hakuna pahali mashine imeambiwa iache kuuhesabu ule mstari wakati watu wangali wabishana.

Na ripoti na skoo ni vitu viwili, hapa ndo wengi twachanganya. Ripoti ni maneno, ni orodha ya mikopo yako, nani alikupa, lini, umelipa vipi. Skoo ni namba moja tu iliyokamuliwa kutoka kwa hayo maneno, kwa mfano Metropol wao wahesabu toka 200 hadi 900, na mtu aliye na deni lililokwama hujikuta 400 kushuka chini. Ripoti yataka mtu akae aisome. Namba haitaki mtu. Ukiomba mkopo kwa simu saa tano za usiku hakuna afisa huko ndani anayesoma tanbihi yako aseme aah, huyu maskini kesi yake yachunguzwa, tumpe. Yaangaliwa namba, jibu laja kwa sekunde, samahani hujafuzu kwa sasa.

Tulipeleka barua yetu. Wiki moja baadaye nikaomba ripoti tena, tanbihi ipo, imeandikwa vizuri. Skoo haikusogea hata namba moja. Nikarudi kwa yule kijana wa benki na ripoti mkononi nikamwonyesha, akasoma, akaelewa, akanihurumia kwa dhati, halafu akaniambia mfumo wao wasoma skoo kwanza, chini ya kiwango fulani fomu haifiki hata kwa meneja. "Kaka, mimi nakubaliana na wewe. Mfumo ndo haukubali."

Basi tanbihi kazi yake ni nini? Ni kama kumwekea mtu kibao kifuani kimeandikwa huenda si mwizi, halafu mlangoni wakasimama mabawabu wasiojua kusoma.

Marekani huko hili jambo wamelizungusha zaidi yetu, na nitalieleza kidogo manake wengi twapenda kusema wenzetu wameendelea. Sheria yao ya ripoti za mikopo ni ya 1970, na ukipinga mstari kampuni yapewa kwa kawaida siku 30 kuchunguza. Mkopeshaji naye huweka alama maalum kwenye ile akaunti kuonyesha mteja anabisha. Sasa skoo ya FICO, ambayo ndo wakopeshaji wengi huko huitumia, ikiona ile alama yairuka historia ya malipo na deni la hiyo akaunti mpaka alama itolewe. Kwa hivo mstari mbaya ukiwa ndani ya ubishi, skoo yaweza kupanda. Lakini pia yaweza kushuka, kama akaunti unayoibishia ina miaka kumi ya malipo mazuri na kosa moja tu, manake yote yarukwa pamoja, mazuri na mabaya, na historia ya malipo kwa FICO ni asilimia 35 ya hesabu nzima. VantageScore, mpinzani wake FICO, hairuki. Yaani mtu mmoja, siku moja, ubishi mmoja, namba mbili tofauti.

Na bado kuna mtego mwingine. Watoaji mikopo ya nyumba huko walishtuka wakaona hii skoo imepandishwa na ubishi haiaminiki, ikawa mara nyingi waambia mteja aondoe kwanza lile lalamiko ndo wasogeze faili. Mtu yuabishia uongo, yuaambiwa acha kubisha ndo tukupe nyumba. Tena wana haki ya kuandika maelezo yao yaambatane na ripoti, na kampuni yaweza kuwapimia yasizidi maneno mia moja, na skoo hayo maneno haiyasomi hata moja. Kwa hivo wenzetu nao, mmh.

Kilicho muhimu kwangu ni kwamba makosa si hadithi za wadeni wajanja. Tume ya biashara ya Marekani ilitoa utafiti wake 2013, ilichukua watu 1,001 wakapitia ripoti zao, na kama mmoja kwa kila watano alikuwa na kosa ambalo kampuni yenyewe ilikubali kulirekebisha baada ya kulalamikiwa. Hiyo ni nchi yenye miaka na miaka ya hii kazi. Sisi kampuni ya kwanza ya CRB ilipewa leseni 2010, leo ziko tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na mji kama huu wetu ambapo ukiita "Mohamed Ali" pale Mwembe Tayari wageuka wanaume kumi na wawili, wataniambia makosa hakuna? Kitambulisho ndo kinachotofautisha watu, na kitambulisho chaandikwa na vidole vya mtu. Ongeza laini za simu zinazouzwa upya kwa mtu mwingine, ongeza waliodhamini mikopo ya chama wakasahau, ongeza pesa zilizoingia chunguni kama za shangazi.

Turudi kwa yule kijana wa benki, manake alitupa ushauri mmoja ambao kila mtu mjini atakupa. "Mama, si ni elfu moja mia tatu tu? Lipa yaishe."

Shangazi akafungua pochi pale pale. Nikamshika mkono.

Wajua kwa nini? Ukilipa mstari wa uongo haufutiki. Wageuka, kutoka deni lililokwama wawa deni lililokwama likalipwa, na hiyo historia yabaki kwenye faili miaka mitano kuanzia siku ya kumaliza kulipa. Kwa hivo mtu alilipa 2023 pesa zikakaa kwa chungu chao, akilipa tena leo kwa ajili ya amani, saa ya miaka mitano yaanza kuhesabu leo. Amelipa mara mbili na amejitia sahihi kwamba alikuwa mdeni mbaya. Dawa ya deni ni kulipa, tumeambiwa tangu tuko chuoni na vibao vyetu, sasa huyu dawa ameinywa, aambiwa anywe tena, halafu wamwandikie miaka mitano ya kutazamiwa hali.

Sasa linganisha na hili. Novemba 2022 benki kuu ilitangaza mpango wa kusafisha majina ya waliokwama na mikopo midogo ya simu, watu zaidi ya milioni nne, mikopo ya kama shilingi bilioni 30. Mabenki yakaambiwa yasamehe angalau nusu, mteja apangiwe kulipa iliyobaki mpaka mwisho wa Mei 2023, na hali yake kwa CRB ibadilishwe isomeke mkopo unaolipwa. Sina ubaya na huo mpango, watu walikuwa wametoka korona wamechoka. Na kabla ya hapo, kuanzia Oktoba 2021 mpaka mwisho wa Septemba 2022, kuliwekwa amri wenye mikopo ya chini ya milioni tano waliokwama wakati huo wasipelekwe CRB. Maana yake nini? Maana yake mashine yaweza kuambiwa isitazame. Ikitakiwa yawezekana. Aliyekuwa na deni la kweli akafunikiwa mstari wake, na ambaye hana deni, anayesema pesa zangu mnazo nyinyi wenyewe, huyo ndo angoje uchunguzi huku namba ikimtafuna. Mimi hapo nashindwa kuelewa.

Najua jibu la wakopeshaji, na si jibu la kipuuzi. Wasema tukiruka kila mstari unaobishaniwa, kesho kila mdeni atabisha, ataandika barua Jumatatu, skoo ipande Jumatano, akope Alhamisi kwengine, halafu barua ifike kwamba deni ni la kweli na yeye keshatoweka. Marekani hayo yametokea, kuna watu biashara yao ni kukuandikia malalamiko ya kila mstari hata wa kweli ili namba ipande kwa muda. Na hapa kwetu ukipita vikundi vya WhatsApp utaona, toa CRB kwa siku mbili, lipa elfu tatu, ni wezi hao msiwape.

Lakini uoga wa wajanja haufanyi mzigo wote aubebe asiye na kosa. Mimi naona yawezekana hivi, mstari ukibishaniwa kwa mara ya kwanza, na mteja ameleta kitu mkononi, risiti, taarifa ya M-Pesa, barua, ule mstari utolewe kwa hesabu ya skoo kwa muda ule ule ambao kanuni zimempa mkopeshaji kujibu. Akijibu na ushahidi, warudi na uzito wake. Asipojibu, umekwisha. Akirudia kubishia mstari ule ule bila kipya, asihesabiwe. Wakopeshaji wataanza kujibu haraka, wallahi, manake sasa hivi kukawia hakuwagharimu chochote. Shangazi ndo alikuwa akilipia kila siku waliyokawia.

Na mfano hauko mbali. Yule mwenye duka la leso Biashara Street anayempa shangazi mali, mzee mmoja Mhindi aliyezaliwa hapa hapa na Kiswahili chake chatushinda sisi, ana daftari kubwa la jalada jekundu. Kila mchukuaji ana ukurasa wake. Mwaka juzi walibishana na shangazi kuhusu korja moja, mzee asema shangazi alichukua nne, shangazi asema tatu. Mzee hakupiga kelele. Akachukua kalamu akauzungushia duara ule mstari wa korja ya nne, akajumlisha ukurasa mzima bila huo, akamwambia, "Bibi, hii tutaiona," halafu akampa mzigo mwengine siku hiyo hiyo. Miezi miwili baadaye wakati wa kuhesabu stoo ikaonekana, aliyechukua ile korja ni mwanamke mwengine mwenye jina kama lake. Mzee akakata mstari, akaandika tarehe. Nimeliona hilo daftari kwa macho yangu, duara lipo, la wino wa bluu, limekwenda upande kidogo.

Ushauri wa kazi sasa, haraka haraka manake si lengo langu. Omba ripoti yako hata kama huna mpango wa kukopa, moja kwa mwaka ni haki yako bure. Usingoje wiki ya kuomba mkopo ndo ujue. Ukipinga, pinga kwa maandishi, weka nakala yenye tarehe, na uandikie pia mkopeshaji mwenyewe manake kampuni ya CRB haina habari zake, yapokea tu anachopelekewa. Angalia kampuni zote tatu. Mstari chini ya shilingi 1,000 haufai kuwepo kabisa kwa kanuni za 2020, ukiukuta piga kelele. Wakikuzungusha, benki kuu ina tawi lake Nkrumah Road, na sheria ya kulinda data ya 2019 yakupa haki ya kurekebishiwa habari za uongo juu yako, kuna kamishna wake wa kumwendea. Na usilipe ili yaishe, isipokuwa deni ni lako kweli.

Hilo la mwisho ndo lanikera hadi leo, manake mimi ndo niliyemshika mkono. Tuliandika barua siku kumi kabla ya Ramadhani. Ile taarifa ya zamani ya M-Pesa tuliifuata dukani kwa mtandao mara tatu, mara mfumo uko chini, mara njoo na abstrakti ya polisi ya simu iliyopotea. Mkopeshaji alizipata pesa kwa chungu chake mwezi ishirini na tatu wa Ramadhani, akaandika barua ya mistari minne isiyo na samahani ndani yake. Wakati huo korja ilikuwa imepanda, wateja wa Majengo walikuwa wameshanunua kwa wengine, na shangazi alikuwa na korja mbili tu alizopewa na mzee wa daftari. Aliziuza zote kabla ya mwezi kuandama. Laki moja na nusu hakuipata.

"Ungeniacha nilipe ile elfu moja," aliniambia siku ya Idd mosi tukinywa kahawa barazani, hakuwa na hasira, alikuwa ahesabu tu. Nikamweleza tena mambo ya miaka mitano. Akasikiliza mpaka mwisho, akamimina kahawa nyengine, akasema mimi miaka mitano sijui kama nitaiona lakini Idd hii niliiona.

Sikuwa na jibu. Nikatoa simu nimwonyeshe jinsi skoo yake ilivyopanda, na ilikuwa imepanda kweli, kwa kampuni ile tuliyoiandikia. Nikafungua ripoti ya kampuni ya pili ili tufurahie zote. Mstari ulikuwa bado uko pale, 1,340, umekwama, na huko hata tanbihi hakuna.

Jumatatu ofisi zikifunguliwa twapeleka barua nyengine.